Kibo ya Kubandika

Kazi yangu, tusifichane, ni uongo wa bei poa.
Mlima ukijifunika na maharusi wameshafika studio,
huwabandikia Kibo nyuma ya shela,
theluji tele, kuliko hata iliyobaki kule juu.
Hakuna aliyewahi kurudi kudai chenji.

Alhamisi ile mvua ilikuwa inachapa bati.
Mama Ndekirwa akaingia kutoka Mbuyuni,
magamba ya dagaa viganjani, kandambili mguu mmoja,
akailaza simu kaunta kwa mikono miwili
kama kichanga chenye homa.
"Vita vimeingia mji aliopeleka saruji.
Kwaya nzima wametumiana.
Nitazamie. Wewe una macho ya picha."

Mara ya kwanza niliona moto, kama kila mtu.
Mara ya pili nikazima sauti,
maana kilio hupofusha.
Mara ya tatu nikasoma pembeni,
huko ambako sisi waongo huwa tunachoka:
miti haina jani hata moja,
pumzi za watu zinafuka kama uji,
kibao cha duka kina herufi nisizozijua kichwa wala mkia.
Na kona ya chini, kiraka cha ukungu.
Hicho nakijua. Ndicho ninachofutia tarehe.
Nikarudisha sauti: king'ora kinapanda,
mtu anakohoa; king'ora kinapanda,
mtu yule yule, kikohozi kile kile.

Nikakata kipande kimoja, nikauuliza mtandao
umekiona wapi.
Ukanirudisha mwaka ambao Ndekirwa
alikuwa darasa la tano, anachapwa kwa kuchelewa namba.

"Mama, si huko. Si vita hivi. Si mwaka huu."

Akakaa kwenye stuli ya maharusi,
akacheka, akapenga kamasi kwa ncha ya kanga,
akaanza kuwaandikia kwa kidole kimoja,
U, N, akafuta N, akatia O,
taratibu kama anayepanda maharage.

Video ikajianzisha yenyewe.
Kijana wa sweta la kijani anavuka barabara.
Hafiki.

"Huyu lakini, alianguka kweli?"

Nikasema ndiyo. Hapo hapakubandikwa kitu.

Mvua ikahamia upande wa Majengo.
Mama Ndekirwa akalifuta lile neno,
akaandika: Si wa kwetu.
Akalitazama.
Akalifuta na hilo.