Alisalimiwaje

Siku ya kwanza tulitoa vizibo vya soda,
kandambili moja ya mguu wa kushoto,
sarafu ya serikali iliyokwisha kupinduliwa
na ganda la risasi, kutu yake ya kijani.
Mimi ni wa chekeche. Elfu kumi na tano kwa siku,
chai ya rangi asubuhi, muhogo mchana.
Udongo unakuja kwa karai, nautikisa.
Unaobaki juu ya wavu ndio historia.
Unaopita chini, asema Daktari Kabahinda,
nao ni historia,
ila hatuna mifuko ya kutosha.

Nyuma ya soko la Hoima
Tinkasimire alitaka jumba la ghorofa nne.
Greda likakata mgongo wa kilima,
kilima kikamwaga majivu,
majivu, mifupa ya ng'ombe, majivu tena,
kama jiko lisilozolewa miaka mia sita.
Ameambiwa asubiri miezi miwili.
Kila jioni huja, funguo za gari zikimlia kidoleni,
huchungulia shimoni
kama mtu aliyelaza mgonjwa
hospitali inayotoza kwa siku.

Choo chake cha zamani kilipenya tabaka zote.
"Karne tano, mzee," Daktari alimwonyesha ukutani mwa shimo,
"karne tano ulizipita kwa haja zako."
Tulicheka. Yeye hakucheka.

Mita mbili na nusu.
Juu, bodaboda na bei za nyanya kwa kipaza sauti.
Chini, sakafu:
udongo uliopondwa, ukasiribwa kwa mavi ya ng'ombe,
mahali pa mafiga matatu
na weusi ambao bado unashika vidole.

Hapo wavuni kikabaki kigae.
Nje, mtu alibingirisha kamba ya majani mabichi
udongo ukiwa laini, mistari ikatambaa.
Ndani, penye shingo, alibonyeza
kwa kidole gumba.
Nikatia changu.
Kikaingia. Kikakaa.

"Andika," akasema Daktari.
Tabaka la kumi na moja. Kigae. Kimoja.
Nikaandika, na mkono haukuridhika.
Kwetu humsalimii mtu kabla hujamuuliza empaako yake,
lile jina la pili, la heshima na la kubembeleza.
Hata mwizi akikamatwa huulizwa kwanza:
Araali, kwa nini umeiba?
Majina yenyewe hayazidi kumi na mawili.
Nikayajaribu yote juu ya kigae, polepole,
Abwooli, Akiiki, Amooti, Adyeri,
nikisubiri lipi litamgeuza shingo.

Daktari alinisikia.
"Huenda yalikuja baada yake," akasema,
"na watu waliovuka mto kutoka kaskazini.
Huyu labda hakuwa nalo."

Sasa alisalimiwaje
alfajiri, akitoka na majivu yake?

Jioni Tinkasimire akashuka ngazi mara ya kwanza,
viatu vyake vya ngozi vikiteleza.
Nikampa kigae bila ruhusa ya mtu.
Akajaribu kidole. Kinene mno, kikagoma.
Akakigeuza, akakinusa,
akatazama majivu, kisha mimi,
mimi niliyemwona jioni thelathini na nne.
"Empaako yako?" akauliza.

Acaali, nikasema.
Kisha nikatikisa, maana mvua ilikuwa imefika Bujumbura
na karai mbili zilikuwa bado.