Fomu ya Furaha

Jumatatu zimegawiwa karatasi mlangoni mwa maktaba:
"Kwa kipimo cha moja hadi tano, una furaha kiasi gani?
Zungushia nambari. Tumia kalamu nyeusi."

Nina kalamu ya samawati.
Nimekaa kitandani, bweni la Tudor, ghorofa ya tatu,
feni inazunguka kama mtu anayetafuta funguo zilizo mkononi mwake,
na upande wa pili kitanda cha Umazi.

Swali la pili: "Je, huduma za ushauri nasaha zinakufikia?"
Zanifikia, wakubwa. Mimi ndiye sizifikii.
Mlango wake umetazamana na foleni ya karo,
kibao kina herufi nyekundu;
ukigusa kitasa tu, foleni nzima imeshakusomea dua.

Umazi alikwenda mara moja.
Alifika penye kibao, akauliza choo kiko wapi, akarudi.

Wiki ya sita aliacha kwenda darasani.
Hakuna aliyeita jina lake mara mbili:
tuko mia tatu na ishirini, mhadhiri ajua migongo ya viti.
Hata mimi, ninayelala hatua nne kutoka kwake,
nilidhani ni joto la Machi, Mombasa hii na maji yake ya zamu.
Alilala akiutazama ukuta, na siku moja
nikaona ameandika pale kwa penseli:

    Nikikaa sina raha, nikilala sina ndoto
    Kicheko changu karaha, machozi yangu ni moto
    Wanauliza furaha, ningali kwenye msoto

Basi. Mshororo wa nne hakuna.
Ubeti umelala upande kama kitanda kilichovunjika tendegu.

Swali la tano: "Ni nani anayechangia zaidi ustawi wako chuoni?"
Mmechora visanduku vinne: mhadhiri, mshauri, kiongozi wa dini, rafiki.
Cha Bi Mwanakombo hakipo.
Anauza mahamri na mbaazi nje ya lango la nyuma,
hajui kitivo wala muhula,
lakini ana daftari la madeni,
na jina likikauka ukurasani, huuliza.

Alinishika mkono. "Yule mwenzio wa hina ya kidole kimoja,
siku tisa sijamuona. Ananidai au namdai?"
"Unamdai. Themanini."
"Haya, mpelekee manne, iwe mia na ishirini. Mbaazi ni zangu.
Mwambie deni halilipwi na mtu aliyelala."

Umazi alicheka.
Kisha akalia hadi mbaazi zikapoa.
Kisha akazila zimepoa.
Sikusema neno la maana. Nilimshikia bakuli.

Kesho yake tuliuendea mlango ule wawili.
Mimi nikauliza choo, kwa sauti ya mnadi,
foleni yote ikanigeukia mimi,
naye akaingia.

Sitawadanganya kwamba amepona.
Mtihani wa takwimu haukumngoja,
na ziko siku ukuta bado humwita.

Sasa nambari. Nimezungushia tatu, nikafuta,
nne, nikafuta, karatasi imetoboka.
Penye "Maoni mengine" nimeandika:
hamisheni ule mlango.
Na askari wa lango la nyuma waache kumfukuza mama wa watu.

Nilikuwa naenda kuirudisha, natafuta kiatu chini ya kitanda chake,
ndipo nikaona ukutani, penseli mbichi:

    Leo nimefua, aha, na shuka, na hata mto