Ya Umri Wako

Yadini kwa Shekue, Chumbageni, zimeegeshwa bega kwa bega:
Vitsi nyeupe, magurudumu kavalia vifuniko vya plastiki,
na ndugu yake mwekundu, rimu za fedha,
kijibawa mgongoni, tumbo jirani na lami.

Nimeshapiga hesabu nyuma ya kadi ya kliniki:
tofauti yao ni mabati kumi na manane
ya jiko la mama kule Muheza.
Matuta ya Makorora nayajua kwa idadi.
Nyeupe, basi. Zamu za usiku, miaka ishirini na sita,
zimenifunza kuchukua kinachotosha.

Shekue akaniwahi, kitambaa mkononi:
"Hiyo nyeupe, mama, ndiyo ya umri wako.
Ile nyingine ya vijana."

Nikanyoosha kiganja.
"Funguo."
"Ipi?"
Sikumjibu.

Gia za mkono, kama landrova ya chanjo
niliyoirudisha mwenyewe toka Maramba
siku dereva aliposhikwa na homa.
Mguu haukusahau.

Tuta la kwanza likalamba tumbo, kwarrr,
wauza machungwa wakageuka wote.
Nikapanga gia ya pili, kisha ya tatu.

Mama, niwie radhi:
masika haya nayo
tega sufuria panapovuja.