Hethercote, Nyumba Kumi na Moja

Nyumba kumi na moja, kengele moja yenye ufa.
Mwaka wa tauni, karani Obadiah Thrupp
aliandika: "Tumezika thelathini. Hatukuozesha mtu."
Ukurasa unaofuata ni mweupe.
Hata yeye hakupata wa kumwandika.

Kisha wakaja kondoo, na ua wa miiba
ukameza malisho ya wote;
mjane Tamsin Pell akatozwa faini
kwa kuni za kichaka kilekile
alichookotea mama yake.

Jiwe la vita lina majina sita.
Manne ni ya akina Pell.

Shule ameinunua daktari wa London,
huja Jumamosi.
Misumari ya makoti ya watoto
ingali ukutani, chini, usawa wa kiuno.
Hapo hutundika mwavuli wake,
akiinama.