Robo Kilo

Daktari wa Mwananyamala hakupaza sauti.
Alilitazama dole gumba la mguu wa Pazi,
jekundu, limevimba kama nyanya inayotaka kupasuka,
akaandika, akachana karatasi, akasema: jongo.
Nyama nyekundu, basi. Maini, figo,
supu ya asubuhi, basi.
Na mume wangu ana bucha Mburahati,
miaka kumi na tisa anawakatia wenzake.

Njiani hakusema kitu. Alichechemea tu,
kiatu mguu huu, ndala mguu ule.

Kesho yake nikashuka Kisutu na kikapu.
Nilisikia kuna nyama inayoota shambani.
Duka la kwanza wakanionyesha maziwa ya unga,
la pili, chakula cha kuku.
La tatu, Bwana Hasmukh aliinamisha gunia,
akachota kwa kopo: vipande vikavu,
rangi ya mchanga, vyepesi, vikichakacha
kama maganda ya karanga.
"Soya hii. Loweka, mama. Kamua. Loweka tena. Kamua.
Usipokamua utakula sifongo, halafu utanilaumu mimi."

Pazi akavimimina kwenye mizani ya bucha.
Mshale haukushtuka.
Akaongeza, akaongeza,
mfuko mzima ndipo robo ikatimia.
"Huyu ng'ombe alikuwa anakula nini, upepo?"
Usiku nikaviloweka kwa maji moto na chumvi.
Alfajiri akavipima tena, kwa siri, nikamwona:
robo imekaribia kilo.
Akacheka mpaka akalishika dole lake.
"Mimi nikitia maji kwenye nyama napelekwa kwa mtendaji.
Hii inajitia yenyewe, na mnaisifu!"

Jikoni sikufanya mzaha.
Kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, pilipili manga,
bizari nyembamba niliyoikaanga kavu
hadi jirani akapiga chafya.
Nikakamua kwa ngumi mbili, kama kanzu ya Ijumaa.
Nikakaanga mpaka pembe zikawa kahawia,
ndipo nyanya, ndipo tui la pili, ndipo la kwanza.
Watoto walikula kimya, wakasukuma sahani waongezwe.
Yeye alitafuna kama mtu anayesikiliza hatua mlangoni.
"Si mbaya," akasema.
"Si mbaya" ya mwenye bucha
ni neno linalolala nawe kitandani, limekupa mgongo.

Jumamosi nikaja na fenesi bichi
kutoka uani kwa Bi Mwantumu, Kigogo,
halijafikia hata ukubwa wa kichwa cha mtu.
Nikalipiga kisu. Ulimbo ukanidaka.
Vidole vikagandana, kisu kikagandana na vidole,
nikasimama mbele ya karo nimefungwa pingu.

Akaja akichechemea. Hakunicheka.
Akanimiminia mafuta ya alizeti viganjani,
akasugua, kidole kwa kidole,
akakipaka na kisu chake cha bucha, kile kirefu,
kilicholiwa na kinoo mpaka kimekonda.
Akalizungusha fenesi. Akalibonyeza. Akatafuta.
"Angalia," akasema, na sauti ikarudi ile ya kaunta,
"hapa nyuzi zinakwenda hivi, kama nyama ya shingo.
Usizifuate. Kata kinyume chake.
Halafu hakuna mfupa. Hakuna mshipa.
Mnyama gani huyu, mwenye huruma hivi?"

Tukalichemsha kwa manjano na chumvi, lisilegee sana,
tukalilaza kwenye ukwaju na pilipili,
tukalitunga vijitini. Mkaa aliupepea yeye,
amekaa kwenye ndoo, mguu mbovu ameunyoosha.
Hakuliita nyama. Na mimi niliacha.

Baada ya kula akanyoosha mkono bila kutazama,
kama kila usiku tangu anioe,
akachukua kijiti cha meno.
Mazoea, nikawaza. Kuna nini cha kuchokonoa?
Akachokonoa. Akatulia.
Akatoa uzi mmoja mwembamba,
akauinua kwenye taa,
akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji
aliyokwisha kuisahau.

"Umenasa," akasema.