Kipunji kwa Bikari

Kamati ya michezo ilitaka simba.
Nikawauliza: nani kati yenu amemwona simba Isongole?
Kimya. Mvua ikajibu juu ya bati.
Tupokigwe, mlinda goli wa netiboli,
akasema, kiazi kikiwa bado mdomoni: Kipunji.
Wakacheka. Kisha hawakucheka.

Ndivyo nilivyokabidhiwa, mimi wa hesabu mwaka wa pili,
kwa kuwa nina bikari isiyolegea
na rula yenye sentimita zote thelathini.
Fundi wa Tukuyu alishatoa masharti kwa simu:
rangi mbili, si zaidi, kila rangi na bei yake,
na mistari myembamba hufia kwenye kitambaa.

Nikaanza na duara. Mwoga huanza na duara.
Ndani yake duara dogo, la uso.
Pembetatu juu, kwa zile nywele zilizosimama
kama za mtu aliyeamshwa na baridi ya Juni kabla ya kengele.
Nusuduara mbili, mashavu.
Mstatili mrefu, mkia; nikaupinda robo ya duara
kwa kufuata kifuniko cha kopo la siagi.
Nikahesabu maumbo: kumi na saba.
Nikajivuna kama niliyethibitisha nadharia.

Mpishi akapita na kuni: Chungu hicho?
Ambokile golikipa: Kikapu cha chai, tena kimejaa.
Mwalimu Mwasyoge akavua miwani, akaivaa,
akasema pembe zangu ni sahihi.
Basi. Pembe ni sahihi.

Usiku umeme ukakatika. Kwa mwanga wa simu
nikaongeza nyusi. Nikaongeza meno.
Kila nilichoongeza kilimfukuza mnyama
hatua moja zaidi ndani ya msitu.

Jumamosi nikapanda na Tupokigwe hadi kwao,
migomba ikitudondoshea maji shingoni.
Mama yake aliwahi kuwabebea watafiti mahema
mlimani, miaka ambayo sisi tulikuwa tunajifunza kutembea.
Hakuuliza kipenyo wala kitovu.
Aliiegemeza karatasi kwenye debe la mahindi,
akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akakodoa macho.

"Kule juu humwoni mzima," akasema.
"Unasikia kitu kama bata anayekohoa,
unainua kichwa: kuna jani, kuna giza,
kuna nywele. Ameshakwenda."

Akaokota kipande cha mkaa kwenye jiko lililozimika
akapaka, bila haraka, ndani ya duara dogo lote,
mashavu yangu, nyusi, meno, siku zangu tatu.
Akaacha matundu mawili.

Niliumia kama mtu aliyefutiwa ubao
kabla hajamaliza kunakili.
Kisha nami nikarudi hadi mlangoni.
Alikuwa pale. Ananitazama.

Nilipopunguza, nikabaki na haya:
duara jeusi, pembetatu,
macho mawili ambayo ni kitambaa tu kisichoguswa,
na tao la mkia, ambalo Tupokigwe alilipigania
hadi chai ikapoa vikombeni.
Fundi akasema rangi moja inatosha.
Akapunguza bei; nami sikumwambia
ni nani aliyenifundisha kutoa.

Wavulana walifungwa Uyole tatu kwa moja,
nisiseme uongo kwa sababu hili ni shairi.
Wasichana mechi yao iliahirishwa, uwanja umekuwa bwawa.
Matope yalimfunika kipunji kwenye vifua vyote,
na Ambokile alimfuta kwa kiganja kila alipofungwa
kana kwamba mnyama ndiye aliyekuwa haoni mpira.

Lakini nyuma ya goli, upande wa wenyeji,
mtoto aliyevaa sweta ndani-nje
alikuwa amechuchumaa na bua la mahindi.
Duara. Pembetatu.
Akachoma matundu mawili ardhini,
yakajaa maji, yakang'aa.

Mkia aliusahau.
Sikumwambia Tupokigwe.