Wiki ya Chui

Jumatatu mbuzi wa Chepkwony alipotea,
na kufikia magharibi mbuzi alikuwa amegeuka chui.
Kaptembwo walisema ni mmoja, karuka uzio wa mbuga.
Mwariki tulikuwa nao watatu,
jike na wanawe, na jike ana kovu usoni.
Nani aliliona kovu? Hakuna aliyeuliza.

Mimi nauza makaa. Gorogoro, debe, gunia ukitaka.
Sitakudanganya: wiki ile nilifanya biashara.
Saa kumi na mbili unusu watu wako ndani,
waliozoea kupika uani wamehamishia jiko chumbani,
na Julai ya Nakuru unaijua,
baridi inateremka kutoka Menengai kama mtu anayedai kodi.
"Nipimie vizuri, Mama Wangechi, usiku ni mrefu."
Nikapima. Nikaongeza vipande viwili vya juu,
bure, wema wangu.

Alhamisi Ombongi, fundi viatu, alinunua debe zima.
Binti zake wawili wameng'ang'ania koti lake,
Kwamboka anaruka kila pikipiki inaponguruma.
Akaniambia amepigilia magunia dirishani,
ameziba hata ule upenyo wa chini ya mlango
kwa blanketi la marehemu mkewe.
"Hata mkia haupiti," akasema.
Nami nikasema, "Umefanya vyema, baba."
Hayo ndiyo maneno yangu.
Sijapata pa kuyaweka.

Vijana walikuwa na doria, rungu na tochi za simu.
Saa tisa usiku wakagonga kila mlango: mko salama?
Tuko, nyumba ikajibu. Tuko. Tuko, acheni kelele.
Kwa Ombongi, kimya.
Wakajua chui ameshaingia.
Wakazunguka wakitafuta tundu, damu, manyoya;
komeo limekaza, magunia yamekaza,
na ukiweka pua mlangoni, hakuna harufu ya kitu.
Walipovunja, jiko lilikuwa bado jekundu katikati ya chumba,
zuri kweli,
kama kitu kilichokesha kikiwalinda.
Wasichana walikokotwa nje, wakatapika, wakalia, wakaishi.
Yeye alikuwa ameketi nyuma ya mlango,
panga mapajani.

Tulimsafirisha hadi Nyamira.
Kaburini mtu alisema, "Angalau chui hakumpata,"
na vichwa vikaitikia, changu pia,
kwa sababu kichwa cha matangani huitikia tu.

Afisa wa mbuga alikuja na utepe wa kupimia.
Nyayo zile, akasema, ni za mbwa, tena mbwa anayechechemea.
Hatukumwamini. Na mbuzi je?
Mbuzi alirudi Jumapili kwa miguu yake,
amenenepa kidogo.

Ile methali ya kikulacho tuliikariri sote shuleni.
Mimi niliiandikia insha, darasa la saba,
nikapata ishirini na tisa kwa arobaini,
mwalimu akaisoma mbele ya wenzangu.
Niliandika juu ya rafiki mnafiki.
Makaa hayakunijia akilini,
na mama yangu alikuwa akiyauza.

Siku hizi nikipima naongeza neno: acha dirisha wazi.
Wananicheka. "Wazi? Na chui?"
Wengine wamehamia kwa Barasa, anayeuza bila mawaidha.

Jana usiku kitu kilikwaruza mabati.
Kikakwaruza, kikatulia, kikakwaruza tena.
Jikoni kwangu yalibaki makaa matatu, manne, yenye macho.
Ninajua ninachokijua. Nilimwona Ombongi na panga lake.
Na bado mkono wangu, huu mweusi wa masizi,
uliamka kabla yangu
ukaenda moja kwa moja dirishani
kulifunga.